Siasa chumbani: maswali yenu kuhusu picha za Italia

*Wachoraji wa Italia wa karne ya 19 walichora wasichana vyumbani na wanawake wakishona. Siasa iko wapi hapo?*

Mara nyingi iko ukutani. Chukua Triste presentimento (yaani hisia ya huzuni ijayo) ya Gerolamo Induno, ya mwaka 1862, iliyoko jumba la picha la Brera, Milano. Msichana ameketi ukingoni mwa kitanda kisichotandikwa, bado yumo katika nguo za kulalia, anatazama kipicha cha mpenzi wake mkononi. Mwenye haraka ataona mapenzi, apite. Lakini inua macho: kuna nakala ya picha maarufu ya busu ya Francesco Hayez, na kisanamu cha Garibaldi, jemadari wa waliopigania umoja wa Italia. Basi umeshajua kijana kaenda wapi. Induno naye hakusimuliwa vita. Alipigana Roma mwaka 1849 akajeruhiwa vibaya.

*Hilo busu la Hayez si mahaba tu?*

Mahaba yapo, tena tele. Ila angalia mguu wa kijana: tayari uko kwenye ngazi, anaaga huyo. Picha ilionyeshwa Milano mwaka 1859, miezi michache baada ya Waaustria, waliokuwa wakiutawala, kuuachia mji. Wengi husoma nyekundu na buluu ya mavazi kuwa ni urafiki wa Italia na Ufaransa. Mimi kwenye rangi sikimbilii, mguu unanitosha.

*Kwa nini wasiseme waziwazi?*

Kabla ya hapo kulikuwa na wakaguzi wa Austria, wenye kuchuja maandishi na sanaa. Watu walishangilia "Viva Verdi", utadhani wanamsifu mtunzi wa opera, kumbe herufi za jina lake zasimamia Vittorio Emanuele Re d'Italia, yaani Vittorio Emanuele mfalme wa Italia.

*Ufalme wa Italia ulitangazwa 1861. Mbona Odoardo Borrani bado anatumia mafumbo 1863?*

Hapa ndipo penye utamu. Katika Le cucitrici di camicie rosse wanawake wanne wamekaa sebuleni, kimya kizito, wanashona mashati mekundu, sare ya wapiganaji wa Garibaldi. Picha ya Garibaldi mwenyewe imetundikwa ukutani. Sasa kumbuka Agosti 1862: Garibaldi alikuwa njiani kwenda kuitwaa Roma, iliyokuwa bado chini ya Papa, akapigwa risasi kule Aspromonte, na waliompiga ni askari wa ufalme huohuo wa Italia. Je, kina mama hawa wanashonea vita gani? Kule Aspromonte Mwaustria hakuhusika. Sindano inaichoma serikali yao wenyewe. Roma ilikuja kutwaliwa 1870.

*Nitajuaje kwamba sijizulii maana?*

Soma jina la picha na mwaka wake kwanza, ndipo urudi kwenye vitu. Borrani huyohuyo ana picha ya 1861: msichana peke yake chumbani, anashona bendera ya rangi tatu, ya Italia. Jina lake ni tarehe tupu, Il 26 aprile 1859. Kesho yake mtawala wa Toscana, jamaa ya wafalme wa Austria, alifunga safari, akaihama Florence, mji wake mkuu.