Bora zaidi kuliko nini?

SWALI: Mwanafunzi wa kompyuta hapa Nairobi anauliza: "Katika tasnifu yangu nimeandika, 'Tulichanganya algorithimu tatu za kupanga ratiba ya mitihani, na yetu ikawa bora zaidi.' Msimamizi wangu anataka 'tuliunganisha'. Nani yuko sahihi?"

JIBU: Algorithimu ni mfululizo wa hatua za kutatua tatizo. Kama mlichukua hatua za hii mkazitia ndani ya ile hadi ikazaliwa nyingine, mlichanganya. Kama kila moja ilibaki ilivyo, zikaendeshwa sambamba na jibu likachukuliwa kwa iliyotangulia kumaliza, msimamizi ana haki. Algorithimu yenyewe imetokana na jina la Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Hilo halina ugomvi.

Ugomvi wangu ni "bora zaidi". Kuliko nini? Anayelinganisha sharti ataje pande zote mbili. Mabango ya Thika Road yametuzoesha sabuni bora zaidi, benki bora zaidi, shule bora zaidi, mpaka msomi naye haoni haja ya kumaliza sentensi. Mwenye sabuni anauza. Wewe unatoa ushahidi! Hata tukikisia kwamba ni kuliko hizo tatu, ni bora kwa lipi? Kwa kasi? Kwa wingi wa ratiba ilizofaulu kuzipanga?

Ratiba ina masharti: mwanafunzi asiwe na mitihani miwili kwa wakati mmoja, chumba kisizidiwe. Algorithimu inayopanga mtihani mmoja mmoja, ikikwama irudi nyuma, inaweza kuthibitisha kwamba ratiba haiwezekani kabisa, ila huenda ikachukua muda mrefu mno. Nyingine huanza na ratiba nzima yenye kasoro na kuirekebisha kidogo kidogo. Hiyo mara nyingi huwahi, lakini jibu lisipokuwepo itazunguka tu bila kujua. Sasa ipi ni bora zaidi? Mwanasayansi wa kompyuta John Rice aliuliza ipasavyo mwaka 1976: ipi ichaguliwe kwa tatizo hili? SATzilla, programu iliyotwaa medali katika mashindano ya 2007 ya SAT (tatizo la kujua kama masharti yote ya kimantiki yanaweza kutimizwa pamoja), hufanya hivyo hasa: hukagua kwanza sifa za tatizo, kisha huteua algorithimu inayotarajiwa kulifaa.

Andika basi: "Kwa ratiba tulizozipima, muungano huu kwa jumla ulitumia muda mfupi kuliko kila algorithimu ikiendeshwa peke yake." Na zile ratiba zilizoushinda, zitaje katika aya hiyo hiyo.