GFP imeonekana ndani ya kiini: je, protini yangu ina ishara ya kuingilia?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nasoma uzamili wa baiolojia ya molekuli. Nimeunganisha protini ndogo ya kimelea, yenye kilodaltoni 18 (kipimo cha uzito wa molekuli), na GFP, protini inayong'aa kijani, kisha nikaingiza plazimidi, DNA ya duara inayobeba jeni, kwenye seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara. Baada ya saa 24 rangi ya kijani inaonekana seli nzima, na kwenye kiini imekolea kidogo. Programu ya kompyuta inasema protini hii ina ishara ya kuingilia kiini, kipande chenye asidi amino laisini na arijinini tano. Lakini nilipotenganisha viini na saitoplazimu kwa bafa yenye NP-40, sabuni ya maabara, kingamwili ya GFP ilionyesha karibu protini yote iko upande wa saitoplazimu. Nikajaribu leptomisini B, dawa inayozuia protini kutolewa kwenye kiini, hakuna kilichobadilika. Msimamizi wangu anataka niandike kwamba protini inaingizwa na importini, yaani protini zinazobeba mizigo kuingia kwenye kiini. Niamini kipi? Na mwenzangu anayetumia seli za hamira anasema leptomisini haimfanyii kazi kabisa. Kwa nini?

JIBU: Usiandike hivyo kwa sasa. Matokeo yako hayagombani kama yanavyoonekana. Yote matatu yanaelezeka bila kuhitaji importini hata moja. Protini yako ina kilodaltoni 18 na GFP ina 27, jumla 45. Kitu cha ukubwa huo hupenya chenyewe kwenye matundu ya kiini, kwenda na kurudi, kiwe na ishara au kisiwe nayo. Picha uliyoipata haitofautiani sana na ile ambayo ungeipata kwa GFP tupu.

Tuanze na tundu lenyewe, maana tafsiri nyingi hupotokea hapo. Kiini kimezungukwa na tando mbili, na pale zinapoungana pamejengwa tundu lenye ulinganifu wa pande nane. Limeundwa kwa aina zipatazo 30 za protini ziitwazo nukleoporini, kila aina ikijirudia kwa mafungu ya nane, hivyo tundu moja la seli ya binadamu lina protini karibu 1,000 na uzito unaozidi megadaltoni 100. Katikati hakuna mlango unaofunguliwa na kufungwa. Kuna mikia mirefu ya nukleoporini isiyojikunja katika umbo maalumu, iliyojaa jozi za fenilalanini na glisini, na msongamano wa mikia hiyo ndio kizuizi. Vitabu husema kikomo ni kilodaltoni 40, na wanafunzi hukisoma kama ukuta. Ni mteremko tu: protini ya kilodaltoni 20 hupita upesi, ya 45 hupita polepole zaidi, ya 70 kwa shida, ya 100 kwa shida kubwa. Wewe umesubiri saa 24. Muda huo unatosha kabisa kwa kitu cha 45 kujisawazisha pande zote mbili.

Protini yenye ishara hubebwa. Ishara ya kawaida, mfano ile ya antijeni T kubwa ya virusi SV40 iliyotambuliwa mwaka 1984, PKKKRKV (kila herufi ni asidi amino moja: K ni laisini, R ni arijinini), hushikwa na importini alfa. Alfa naye hushikwa na importini beta, na beta ndiyo inayoelewana na ile mikia ya fenilalanini na glisini kiasi cha kupita katikati yake kwa milisekunde chache. Ikishaingia, Ran, protini ndogo, ikiwa imebeba GTP (molekuli ya nishati), huishika beta na mzigo huachiwa. Ran yenye GTP imejaa ndani kwa sababu RCC1, inayoipachika GTP hiyo, imekaa kwenye kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake. Nje ni haba kwa sababu RanGAP iko huko na huichochea Ran ivunje GTP yake. Tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo injini ya safari nzima. Hakuna ATP, molekuli nyingine ya nishati, inayousukuma mzigo ndani ya tundu, ingawa sentensi hiyo haikosekani kwenye tasnifu. Gharama hulipwa wakati wa kurudi: beta hutoka na Ran moja yenye GTP, alfa hutolewa na mchukuzi wake, CAS, pamoja na Ran nyingine, kwa hiyo mzigo mmoja hugharimu GTP mbili. Kutoka ni kinyume chake. Eksportini CRM1 hushika ishara yenye lusini nyingi ikiwa pamoja na Ran yenye GTP, kwa hiyo hupakia ndani na kupakua nje.

Unachokiona kwenye hadubini, basi, ni mizani ya vitu vitatu: kasi ya kuingia, kasi ya kutoka, na kama kuna kitu ndani kinachoing'ang'ania protini, kama vile DNA au RNA. Picha moja haiwezi kukutenganishia hayo.

Kabla ya kujenga plazimidi mpya, fanya mambo mawili ya haraka. Kwanza, pitisha seli zako nzima kwenye jeli na uzitazame kwa kingamwili ya GFP. Unataka mstari mmoja kwenye 45. Ukiona mwingine kwenye 27, protini yako inakatwa, na kijani kilichomo kwenye kiini huenda ni GFP iliyoachwa yatima. Kosa hili ni la kawaida mno na hugunduliwa likiwa limeshakula miezi. Pili, huko "kukolea kidogo" kusikupe moyo bado. Kwenye hadubini ya kawaida ya mng'ao unatazama kina chote cha seli kwa mpigo mmoja, na seli ya HeLa ni nene zaidi pale kilipo kiini. Zaidi ya hapo, saitoplazimu imejaa vifuko na mitokondria ambamo GFP haiingii. Kwa hiyo hata GFP tupu huonekana imezidi kidogo kwenye kiini. Tumia hadubini ya konfoko, chagua tabaka moja linalopita katikati ya kiini, ondoa mwanga wa nyuma, kisha gawanya wastani wa mng'ao wa kiini kwa ule wa saitoplazimu. Pima seli 50 au zaidi zenye mng'ao wa wastani. Zile zinazowaka kupindukia ziache, kwa sababu wingi wa protini unaweza kuzidi uwezo wa importini na kukuchanganya. Pima GFP tupu siku hiyohiyo, kwa mipangilio ileile ya leza.

Jaribio litakaloamua ni kuukuza mzigo hadi usiweze kuvuja. Panga GFP tatu mfululizo, kilodaltoni 81, kisha uongeze protini yako: 99. Ukipenda zaidi, tumia GFP pamoja na beta-galaktosidasi ya bakteria, ambayo hujikusanya nne nne na kupita kilodaltoni 400. Unahitaji plazimidi tatu kwa pamoja: GFP tatu peke yake, ambayo inapaswa kubaki nje, GFP tatu pamoja na PKKKRKV, ambayo inapaswa kujaa ndani, na GFP tatu pamoja na protini yako. Bila zile mbili za kulinganishia, ya tatu haina maana. Tahadhari ya kiufundi: mifuatano ya DNA inayojirudia hupenda kukatwa na bakteria, ukajikuta umebaki na GFP moja bila kujua. Agiza kila nakala iandikwe kwa kodoni tofauti, au tumia aina ya E. coli isiyochanganya DNA ovyo na uikuze kwenye nyuzi 30. Kila ukitayarisha plazimidi upya, ikate kwa vimeng'enya na uhakikishe urefu. Ile jeli ya protini nayo irudie hapa, kwa kuwa mnyororo wa GFP unaweza kukatika kati.

Ikiwa GFP tatu pamoja na protini yako zitaingia, sasa vunja ishara. Badilisha laisini na arijinini mbili au tatu za katikati ya kile kipande kuwa alanini. Kwenye SV40, kubadilisha laisini moja tu ya nafasi ya 128 kunatosha kuizuia antijeni T isiingie. Halafu fanya kinyume: chukua kile kipande peke yake, ukiacha asidi amino chache kila upande, kipachike kwenye GFP tatu. Kikiingiza mzigo, kinatosha. Kikivunjwa na protini nzima ikabaki nje, kinahitajika. Unataka vyote viwili. Programu ya kompyuta haijui kama kipande hicho kiko juu ya protini au kimefichwa tumboni mwake, na isitoshe protini nyingi zinazoshika RNA au DNA zina marundo ya laisini ambayo kazi yake haihusu kusafiri. Kuna upungufu wa upande wa pili pia. FUS, protini ambayo mabadiliko yake huleta ugonjwa mmoja wa neva za misuli, hubebwa na mchukuzi mwingine, transportini, kwa ishara iliyo mwishoni mwake, inayoishia na prolini na tairosini, na programu zinazotafuta laisini huipita bila kuiona.

Ikiwa hazitaingia, usikimbilie kuandika "haina ishara". GFP inaweza kuwa imeiziba. Hamishia GFP upande wa pili wa protini na ujaribu tena. Na kama protini yako hushika DNA, kumbuka kwamba HeLa hugawanyika takriban mara moja kwa siku, na utando wa kiini husambaratika kila mara. Protini inayonata kwenye kromosomu inaweza kufungiwa ndani utando unapojengwa upya, bila importini. Fuatilia seli moja moja ambazo hazijagawanyika tangu kijani kianze kuonekana.

Sasa ule utenganishaji wako. NP-40 huyeyusha utando wa nje wa seli na kuviacha viini vikiwa na matundu yaleyale wazi. Protini ndogo isiyoshikamana na kitu huvuja kutoka kwenye kiini ndani ya dakika chache hata kwenye barafu, halafu unaihesabu kuwa ya saitoplazimu. Lamini na histoni H3, protini za kiini, zikiwa upande wa viini, na tubulini, protini ya saitoplazimu, ikiwa upande wa saitoplazimu, zinakuthibitishia tu kwamba viini havikuvunjika. Hazikuambii kitu kuhusu kuvuja. Kati ya picha ya seli hai na mrija wako, amini picha. Jeli hiyo inakuambia jambo moja la maana, kwamba protini yako haijashikamana kwa nguvu na kromatini. Unaweza kulithibitisha chini ya hadubini: weka digitonini mikrogramu 40 kwa mililita kwa dakika 5 kwenye barafu, osha, tazama. Digitonini hutoboa utando wa nje wenye kolesteroli nyingi na kuuacha wa kiini. Kijani kikitoweka kwenye kiini, kilikuwa kinaelea.

Leptomisini B kutofanya kitu kunalingana na hayo yote, ila kwanza hakikisha dawa ni hai. Inatosha nanogramu 10 kwa mililita, yaani karibu nanomola 18, kwa saa 1 hadi 3. Weka kando seli zenye GFP iliyounganishwa na ishara ya kutokea ya protini Rev ya HIV, LPPLERLTL: zisipokusanya kijani ndani ya kiini, chupa yako imekufa. Zikikusanya na protini yako isitikisike, una maelezo mawili: haitolewi na CRM1, au inavuja kwa kasi kiasi kwamba kumzuia mchukuzi mmoja hakuonekani. GFP tatu zitakutenganishia hilo pia. Ukiona mtu anapendekeza ivamektini ya minyoo ili kuzuia importini, mwambie maabara hutumia karibu mikromola 25 kwa kazi hiyo, kiwango kinachochosha seli zenyewe, na matokeo yake hayasomeki kwa urahisi.

Msimamizi wako akisisitiza importini yenyewe itajwe kwa jina, itabidi ufanye uingizaji nje ya seli hai, mbinu iliyochapishwa mwaka 1990. Toboa seli kwa digitonini kama hapo juu, osha saitoplazimu yote, kisha uziongezee importini alfa, beta, Ran na NTF2 (inayoirudisha Ran ndani ya kiini) zilizosafishwa, pamoja na GTP na mfumo wa kurejesha nishati, kwenye bafa yenye HEPES milimola 20 ya pH 7.3, asetati ya potasiamu 110 na asetati ya magnesiamu 2. Ondoa kimoja kimoja uone nani hakosekani. Weka sampuli moja kwenye barafu, kwani uingizaji wa kubebwa husimama kwenye baridi, na nyingine yenye dekstrani, sukari ya mnyororo mrefu, ya kilodaltoni 70 iliyotiwa rangi. Dekstrani ikionekana ndani ya viini, digitonini ilizidi na siku hiyo yote itupwe.

Kuhusu hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae: leptomisini hujifunga kwenye sisteini ya 528 ya CRM1 ya binadamu. Hamira ina treonini mahali hapo, nafasi ya 539, na treonini haina salfa ya kushikwa. Mwenzako aongeze leptomisini mara mia, hatapata kitu. Suluhisho lake ni aina ya hamira iliyobadilishwa treonini hiyo kuwa sisteini, ambayo maabara nyingi hugawiana. Njia nyingine ni kuhamia Schizosaccharomyces pombe, ile iliyoelezwa mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki. Hiyo ina sisteini yake ya asili, na leptomisini huipata bila kubadilishwa chochote.