Jibu la msomaji: Wazee wetu hawakutoka Yorkshire

Wiki hii mmeuliza jina la ukoo wetu lilitoka wapi na tumelifuata hadi wapi. Letu ni la Kiingereza, na Kenya nzima sijakutana na mwenye jina hilo asiye jamaa yetu. Silitaji kwa sababu wenzangu hawajaniruhusu. Kwetu ni Frere Town, Mombasa, hapo karibu na stendi ya Kengeleni.

Binamu yangu aliyeko London alilipia tovuti ya nasaba, akaliingiza jina, akaletewa wakulima wa Yorkshire, Uingereza. Tulicheka mpaka machozi. Kwa watu wa asili yetu, wazao wa watumwa waliookolewa, jina la Kizungu linakuambia nani alikuwa na mamlaka siku ya ubatizo. Aliyekuzaa ni habari nyingine.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumbana Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Waliookolewa majahazini walihitaji pa kukaa, na mwaka 1875 wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) wakaanzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakakiita kwa jina la Frere. Walikuta tayari Waafrika waliookolewa zamani na kusomeshwa Nasik, India: William Jones, George David, Ishmael Semler. Mwenzao Matthew Wellington, mmoja wa waliosindikiza maiti ya mvumbuzi David Livingstone hadi pwani, alikuwa Myao aliyeitwa Chengwimbe. Alifia Mombasa mwaka 1935. Mtafutie ukoo wa Wellington Uingereza uone kama hutakesha bure! Na kati ya vijana wa Nasik walioondoka na Livingstone mwaka 1866 walikuwamo Simon Price na Richard Isenberg. Price na Isenberg ni majina ya wamisionari waliofanya kazi India.

Kwa hiyo mimi nilianza na kitabu cha ubatizo. Kurasa zake zina safu zilizochapwa: tarehe, jina la ubatizo, wazazi, makazi, kazi, aliyebatiza. Kwa babu yake babu yangu, safu ya wazazi imepigwa mstari tu. Waliomfuata chini nao ni mstari, mstari, mstari, kwa wino ule ule. Jibu lilikuwa safu ya mwisho: mchungaji aliyetia sahihi ndiye mwenye jina tunaloitwa hadi leo.

Hapo karatasi zikaishia, nikaenda kwa shangazi yake baba, bibi mwenye masikio mazito na ulimi mwepesi.

"Bibi, yule mzee kabla ya kubatizwa aliitwa nani?"

"Kwani walimuuliza?"

Akanyamaza kidogo, kisha akachora kwa kidole katikati ya paji la uso wangu umbo la mwezi mchanga. Mzee alikuwa na chale hiyo, alisema, na watoto walikatazwa kuigusa. Alama hiyo ilikuwa ya Wamakua. Kidole kimoja cha bibi kikanitoa Yorkshire, kikanipeleka Msumbiji.

Ukoo wa Mbotela, majirani zetu wa Frere Town, nauonea wivu. Wao jina la mzee wao lilisalimika. James Juma Mbotela alisimulia jinsi wazee wake walivyotekwa, katika kitabu chake Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na baadaye mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo huo huo, akalifikisha redioni mpaka kila nyumba ikalijua.

Wenzangu mliozaliwa Frere Town au Rabai, msianze na jina. Waulizeni wazee kuhusu chale, meno yaliyochongwa, nyimbo za kubembeleza watoto ambazo hakuna aliyezielewa. Barua za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Birmingham, na huko ndiko nitakakoandika sasa. Huenda mchungaji wetu aliwataja watu wake kwa majina yao ya kwanza. Na kama yupo msomaji mwenye picha za zamani za waumini wa Frere Town, za karibu kiasi cha kuonyesha nyuso, tafadhali amwandikie mhariri.