Afande, muache mtoto ahadithie mwenyewe

Mie nimefanya kazi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi hapa Pemba kwa miaka, na askari mpya akija namwambia mwanzo kabisa, swali lako la kwanza linaweza kuiua kesi ya mtoto aliedhalilishwa. Ukimuuliza mtoto "ni mjomba ndo aliekushika, sio?" yeye atasema ee, kwa sababu kwetu mtoto kafunzwa mkubwa habishwi, halafu siku ya siku wakili anauliza mahakamani jina hilo nani alianza kulitaja, mtoto au afande. Utajibu nini hapo?

Mwambie "nihadithie yote yaliyotokea tangu mwanzo" kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo tunaposhindwa wengi, tushazoea kuhoji watuhumiwa tunataka jibu chapchap, mtoto akikaa kimya kidogo tu tushamrushia jengine. Msubiri. Akikwama mrejeshee maneno yake mwenyewe, "umesema kakwita ndani, ikawaje tena?"

Ila usianze na hilo jambo lenyewe. Anza na skuli, michezo, muulize leo chuoni, madrasa, kulikuwaje tangu alivoingia mpaka akatoka, apate kuzoea kuwa hapa msemaji ni yeye. Mwambie pia kama hajui aseme sijui, na ukikosea akusahihishe, tena mjaribu kabisa: "wewe una miaka thalathini, ndio?" Akicheka akakukatalia, mpongeze, keshajua kuwa hata afande anaweza kukataliwa.

Masuala ya saa kwa mtoto wa miaka sita ni kumtesa bure. Uliza ulikuwa ushatoka chuoni? Magharibi ilishaadhiniwa? Ilikuwa kabla ya Iddi au baada? Na usimuulize mara ngapi, muulize ni mara moja au zaidi, kisha akuhadithie ile anayoikumbuka vizuri peke yake.

Yunifomu vua, mtoto muondoe pale kaunta maana kila anaepita anasikia, na kama kituo chenu hakina chumba basi mpelekeni Mkono kwa Mkono, pale hospitali ya Chake Chake daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo pamoja na mtoto hahadithii jambo hilo hilo kwa kila mtu upya. Kila akirudia anaumia, na maelezo yanabadilika kidogo kidogo mpaka anaonekana muongo.

Sasa muhali, kule kuoneana haya jamaa kwa jamaa. Hili linaniuma kuliko yote jamani. Mtuhumiwa ni jamaa, mama kakaa pembeni, na mtoto kila ukimuuliza anamtazama mamaake usoni kwanza ndo ajibu. Mama akae nje, kwa upole, muelezeni sababu, na mtoto akitaka mtu wa kukaa nae awe afisa ustawi asie na upande. Wakija wazee na maneno ya tuyamalize nyumbani, wasifike kwenye chumba hicho kabisa, maana mtoto akishasikia tu anafunga mdomo na humfungui tena.

"Kwa nini hukupiga kelele?" lifuteni kabisa swali hili, mtoto analisikia kama lawama. Wala asipolia msimuone muongo, wengine wanahadithia mambo mazito huku wanachezea ushungi.

Kwenye kuandika, andika maneno yake. Kasema kidudu, andika kidudu, kisha muulize ni cha kufanyia nini, akisema cha kukojolea andika na hilo. Ukiyageuza kuwa lugha ya kisheria, mtoto akisomewa hayajui.

Msimuahidi msichokiweza, si "hutomuona tena" wala si "sitomwambia mtu". Mwambie ukweli kinachofuata, kuwa daktari atamtazama na nani atakaa nae, murudi kwenye mazungumzo mepesi kabla hajatoka. Na mama mpeni namba 116 ya simu ya watoto, ni bure, maana usiku wa siku hiyo nyumbani huwa mgumu na nyie hampo.