Kupigilia msumari si kosa

Kaka, kwenye mjadala huu wa kulihifadhi banda la zamani, unaposema likitambuliwa kuwa la kihistoria mwenye shamba hapigilii hata msumari, hapo umechanganya mambo mawili. Huko Marekani, jengo la mtu binafsi likiingia kwenye orodha ya taifa ya majengo na maeneo ya kihistoria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1966, mwenyewe hazuiwi kulikarabati, wala hata kulibomoa kwa pesa yake. Tena akipinga kwa maandishi, haliorodheshwi. Kinachobana mara nyingi ni kanuni za mji au kaunti, basi someni hizo kwanza. Mimi naunga mkono banda libaki, ila wanaolitaka wachangie paa. Bati likishang'oka, mvua inashukia kwenye maungio ya boriti, na mbao zinaoza kwa ndani huku nje bado zinapendeza kupigia picha.