Kuwaanika funza wakiwa hai: nini hukumu yake?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Ninafuga funza wa nzi mweusi (black soldier fly) kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki. Wakishakomaa huwamwaga kwenye bati juani wakauke, na huchukua muda mrefu wakijinyonganyonga. Mwanangu ameniuliza kama si dhambi. Nimjibu nini?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Swali la mwanao ni la haki, na Allah amzidishie huruma.

Kuwafuga na kuwaua kwa manufaa ni halali. Jambo linalokaribiana na lako aliulizwa Imamu Ahmad bin Hanbal: watu wanaanika vifukofuko vya hariri juani, viwavi wanafia ndani. Kabla ya kujibu aliuliza kwa nini wanafanya hivyo. Akaambiwa hariri hukauka, na ikiachwa hasara ni kubwa. Akasema hapana ubaya, iwapo hawana budi na hawakusudii kuwatesa kwa jua. Ruhusa hiyo ina masharti mawili, ndugu yangu. Kukusudia mateso, najua hukukusudia. Lakini kusema huna budi huwezi, maana njia nyingine ipo.

Mtume (s.a.w.) amesema, katika Hadithi ya Shaddad bin Aws iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Allah ameandika ihsani, yaani kutenda kwa wema, juu ya kila kitu, basi mnapoua, ueni vizuri. Mdudu hakutolewa humo kwa udogo wake. Nabii mmoja aliumwa na chungu akaamuru kichuguu kizima kichomwe, na Allah akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi.

Basi chemsha maji mengi yatokote kweli, utie funza kidogo kidogo. Hufa mara moja. Usiwamiminie maji wakiwa lundo, kwani wa juu watakufa na wa chini wataiva polepole. Wakishakufa ndipo uwaanike. Najua ipo Hadithi inayokataza kuadhibu kwa moto, nami sioni kwamba maji yanayoua papo hapo yanaingia humo. Hata hivyo, ukipata mashine inayowasaga kwa mpigo mmoja, hiyo naipenda zaidi. Kuwapa kuku wakiwa hai hakuna neno.

Kinachonishughulisha zaidi ni maisha yao wakiwa mikononi mwako. Mwanamke aliyemfungia paka aliingia motoni kwa sababu hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Uliyemfungia, riziki yake iko juu yako. Wapo wafugaji wanaowashindisha funza na njaa siku moja au mbili kabla ya kuwavuna, ili matumbo yasafike. Kwa nini, na hali funza huyu akikomaa huacha kula mwenyewe, akabadilika rangi na kutambaa kutafuta pakavu? Mvune hapo. Na ukiona wale weupe, ambao bado wanakula, wanakimbilia kingo za beseni, ujue joto au unyevu umewazidi: wapunguze, uwatandaze, uwaweke kivulini.

Kwa yaliyopita, ulikuwa hujui. Omba maghfira na ubadilishe kuanzia mavuno yajayo. Na mwanao mshirikishe kazi hiyo, maana yeye ndiye aliyeliona.

Wallahu a'lam.