Mjomba, lile lidude ni pweza au ngisi?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Jumamosi kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu walituwekea ile sinema ya zamani ya nyambizi, 20,000 Leagues Under the Sea. Lile lidude la baharini lilipoivaa nyambizi, DJ anayetafsiri akawa anapiga kelele, "Pweza huyo! Pweza!" Rafiki yangu mvuvi akasimama akasema yule ni ngisi. Wakabishana mpaka mwenye banda akatishia kuzima jenereta. Tumewekeana soda. Nani anywe? Halafu hiyo elfu ishirini ndiyo kina walichozama? – Msomaji wako, Mbagala.

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Soda ya mvuvi hiyo.

Kabla ya kushika kalamu, mimi nilikuwa nikimsafishia ngisi mama mmoja mkaanga samaki pale Feri, ndoo mbili kila asubuhi, na vidole vyangu havikutakata wino wiki nzima. Ngisi ukimshika mhesabu: mikono minane mifupi, kisha miwili mirefu kama kamba. Hiyo miwili pweza hana. Ukimvuta ndani ya mgongo anatoka na kitu chembamba, cheupe, utadhani kipande cha chupa ya maji. Pweza hana hicho nacho. Lidude la kwenye sinema lina ile miwili mirefu, kwa hiyo kesi imekwisha.

Ila DJ msimcheke sana. Jules Verne, Mfaransa aliyetunga hadithi yenyewe, kitabu kikatoka 1870, alichanganya vilevile. Sura ya vita ile aliipa jina la pweza, ndani yake akamwita mnyama ngisi mkubwa, halafu akamhesabia mikono minane! Angenikuta Feri ningemsaidia.

Elfu ishirini si kina. Ni ligi, ndiyo hiyo Leagues ya kwenye jina, kipimo cha umbali, na ya Verne ni kilometa 4. Piga hesabu: kilometa 80,000, kama kuizunguka dunia mara mbili, wakiwa chini ya maji. Kwenda chini wasingeweza, maana hata pale bahari ilipo na kina kuliko kote hapafiki kilometa 11.

Sasa mimi kinachonifurahisha ni hiki. Sinema ni ya mwaka 1954, kampuni ya Walt Disney, mwongozaji Richard Fleischer. Vita ya ngisi waliipiga kwanza bahari ikiwa shwari, jua linazama, anga jekundu. Ikawa aibu. Waya za kumchezesha zinaonekana, na mwili wake umefyonza maji mpaka unalegea kama godoro lililonyeshewa. Wakaanza upya: usiku, upepo, mawimbi, radi. Kwa hiyo dhoruba ile mliyoishangilia ilikuwa pazia la kufichia waya, na wakapata Oscar ya maajabu ya picha.

Kinyongo changu ni kimoja. Kitabuni, Kapteni Nemo, mwenye nyambizi, ndiye anayemwokoa Ned, yule mrusha chusa, kwenye domo la ngisi. Kwenye sinema imegeuzwa, Ned anamwokoa Nemo kwa chusa. Ned ni Kirk Douglas, jina la kwanza bangoni. Nadhani ndiyo sababu.

Na usiseme ngisi wa hivyo ni wa hadithi tu. Mwaka 1861 meli ya Kifaransa, Alecton, ilikutana na mmoja karibu na Visiwa vya Kanari. Mabaharia wakamfunga kamba, ikamkata, wakabaki na kipande cha mkia. Mwaka 2004 Wajapani wawili, Kubodera na Mori, wakampiga picha akiwa hai huko kwao karibu na Visiwa vya Ogasawara, mita 900 chini. Alinasa kwenye ndoana, akahangaika zaidi ya saa nne, akachomoka na kuwaachia mkono mmoja wa mita 5.5.

Najua mvuvi wenu ataulizia chambo. Mwambie: ngisi wadogo, na kamba waliopondwa.